Simbilisi wa Wakwe

Niseme mapema: yule mnyama alikuja na meno yake. Aliletwa nyumbani kwangu huku ughaibuni, mjini Blaine, Jumamosi mchana, ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, na watu wa Ekuador waliokuja kumposa binti yangu. Walikuwa watatu: kijana mwenyewe, ambaye ni fundi wa kuezeka paa, baba yake mwenye kofia ya majani ambayo hakuivua, na mama yake, mfupi, nywele amezisuka mkia mmoja mgongoni. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, ndiye aliyekuwa mkalimani. Kihispania anakijua kuliko Kiswahili, jambo ambalo nalo liliniuma.

Yule mama alinikabidhi kikapu kwa mikono miwili. Nikafunua. Palikuwa na viazi, mayai ya kuchemsha, na juu yake simbilisi wanne, wale jamaa wa panya wasio na mkia, waliochomwa wazima, midomo wazi, meno ya mbele nje, kucha zimejikunja. Mimi ni muuguzi. Nimeosha vidonda ambavyo sitavieleza hapa. Lakini simbilisi ninaowajua ni wale wa maabara ya chuo, waliokaa kwenye vizimba vinavyonuka mkojo tukiwadunga sindano. Hawa walikuwa wanang'aa mafuta, na mmoja sikio lilikuwa limeungua. Mate yalinijaa mdomoni, wala si ya hamu.

Nikafanya anavyofanya mwanamke yeyote aliyelelewa vizuri kwetu Kenya. Nilishukuru, nikakipeleka kikapu jikoni. Huko alikuwepo jirani yangu Mkongo, mwenzangu wa kanisani, aliyekuja kunisaidia kupika mbuzi. Nikamwambia awatupe hao panya kwenye pipa la nje. Kisha, kwa kuwa chombo cha mgeni hakirudi kitupu, nikakijaza unga, sukari na majani ya chai, nikakipeleka sebuleni na kumwekea yule mama mapajani. Nilijiona nimeupiga mwingi.

Mzee alikuwa anasimulia nchi yao, na binti yangu anatafsiri. Nikaketi kusikiliza, moyo umetulia sasa kwa kuwa meno yale yameondoka. Alisema mstari wa Ikweta unapita kwao kama unavyopita kwetu, na nchi imepewa jina la huo mstari. Wana milima ya moto yenye theluji, na wanauza waridi Ulaya, kumbe wanagombania soko na watu wetu wa Naivasha. Alisema walitawaliwa na Wainka, wafalme wa kale wa huko, kisha wakaja Wahispania wakachukua ardhi, na babu zake wakawa vibarua kwenye mashamba yaliyokuwa yao. Hapo nilitikisa kichwa, maana babu yangu naye alipalilia kahawa ya mzungu kwenye shamba alilozaliwa. Ng'ombe, kondoo na mbuzi, mzee akasema, waliletwa na Wahispania hao hao. Kabla ya hapo, nyama ya heshima ilikuwa simbilisi. Nilitaka kumuuliza, sasa ng'ombe walipofika, panya mliwabakiza wa nini? Mwacha mila ni mtumwa, nakubali, lakini mila nyingine zina kucha.

Ndipo nikaona yule mama analia. Alikuwa ameushika mfuko wa unga, machozi yanaudondokea. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, na mzee akamgeukia mkewe.

Binti yangu akaninong'oneza. "Mum, hicho kikapu haurudishi. Kinaliwa hapa, na wewe ndio unawagawia watu. Uki-return siku hiyo hiyo, ume-refuse. Wanajua umemkataa mtoto wao."

"Nani amekataa? Nimewapa sukari!"

"Ziko wapi, Mum? Zile nyama ziko wapi?"

Macho yake yaliniambia kwamba wakitoka mlangoni namna hiyo, atatoka nao. Nikachukia kila kitu kwa wakati mmoja: kikapu, kofia, na adabu yangu mwenyewe.

Jirani yangu akatokea jikoni amebeba sinia. Simbilisi wote wanne walikuwa juu yake, wamekatwa vizuri, na yeye mwenyewe anatafuna.

"Maman, unatupa dende?" akasema. "Ile nyama ya heshima! Kwetu Kivu tunazifugaka mu jikoni."

Yule mama alipanguza macho, akaniangalia mimi, si sinia. Nikainuka, nikawagawia mmoja mmoja, mzee kwanza, kisha nikajichukulia paja moja. Lilikuwa na ukucha. Ngozi ilikuwa ngumu, na chini yake mafuta yalinitelezea ulimini. Nikameza. Sebule nzima ilikuwa inaniangalia koo.

Yule mama akauliza kitu. Binti yangu akatafsiri: anauliza kama ni tamu.

"Mwambie sijawahi kula kitu kibaya namna hii tangu nizaliwe," nikasema, "na mwambie mtoto nimempa."

Binti yangu alitafsiri kwa muda mfupi sana. Yule mama akaja akanikumbatia kwa nguvu, akanibusu shavu lililokuwa bado na nyama ndani, kisha akaniongezea kichwa.