Rael na Vichwa vya Watu

Rael hajui kuongea na mtu bila kumshika kichwa. Kwao Kapsabet, Kenya, alikuwa msusi, na hata huku Jeddah akikutana na Mkenya mwenzake dukani, vidole vinafika nyweleni kabla salamu haijaisha. Siku ya kiyama atamuuliza malaika amesukwa wapi.

Sasa bosi aliyemfanyia kazi za nyumbani alikuwa anahamia Riyadh na hakumtaka tena. Rael asipopata kafili mpya, yaani mwajiri wa kumdhamini, kabla ya mwezi kwisha, angerudishwa nyumbani, na watoto wake wawili wako shule kwa jasho lake. Rafiki yake Sellah, anayefanya kazi mtaa wa Nuzha, akamtafutia nafasi kwa majirani zake, familia iliyotoka Laos, karibu na Thailand. Walisema aje kwanza Ijumaa kama mgeni, wale pamoja, wamwone.

"Wee Rael, nisikize," Sellah akamwambia kwa simu. "Viatu unaacha mlangoni. Maji wakikupea, kunywa hata kidogo. Nyayo usielekezee mtu. Ukipita mbele ya shosho, inama. Na kichwa cha mtu usiguse! Hata cha mtoto. Kwao hapo ndipo roho inakaa."

"Hata kama nywele ni mbaya?"

"Rael!"

Ijumaa akavua viatu, na kidole gumba kikachungulia wenyeji kupitia tundu la soksi. Alivyo mrefu, akapita mbele ya bibi wa nyumba hiyo, yule shosho, ameinama kama anayetafuta sindano. Maji akanywa. Akakaa mkekani, miguu ameikunja pembeni mpaka ikafa ganzi. Wali wa kunata ulipoletwa kikapuni akaufinyanga kama ugali, akachovya, na bibi akacheka kwa furaha. Tatizo lilikuwa mjukuu, binti wa miaka mitatu mwenye nywele zilizosokotana vibaya mno, aliyepitapita mbele yake. Rael akaikalia mikono yake yote miwili.

Mtoto akazunguka nyuma, akampanda mgongoni, akazishika rasta za Rael na kuzivuta kwa nguvu zake zote.

Mama mtoto, madam Manivon, akaruka kumtoa. Bibi akaunganisha viganja kifuani, akamwinamia Rael.

"Samahani, dada," madam akasema kwa Kiarabu cha kubahatisha. "Samahani sana. Ni kichwa chako."

Rael alitaka kucheka. Kwao Kapsabet mtoto wa hivyo unamfinya kidogo na mambo yanaisha. Kisha akaona hapa pana faida, akajifanya amenuna. Lakini uso ukamsaliti. Miaka mitano katika nchi hii amerushiwa kiatu, amelala jikoni, ameitwa kila jina, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba msamaha. Akalia kweli, machozi na makamasi.

"Tufanye nini?" madam akauliza kwa hofu.

Rael akajifuta kwa kiganja. Aibu ilimshika, ila hakuwa mjinga.

"Madam, mkinipa kazi, nataka Ijumaa iwe yangu ya kupumzika. Na ikama, kibali changu cha ukaazi, nikae nayo mwenyewe."

Madam akatafsiri. Bibi akakunja uso, akauliza kitu.

"Mama anauliza, si ina jina lako? Alikuwa anakaa nayo nani?"

Rael akamtaja bosi wake anayehama. Bibi alipotafsiriwa jibu, akatamka maneno mafupi ambayo madam alikataa katakata kuyatafsiri. Jumapili mume wa madam akaenda kushughulikia karatasi za kumhamishia Rael kwake.