Yes Moja Kabla ya Chakula cha Jioni

Hoteli niliyofanyia kazi iko West Bay, nami nilikuwa mapokezi. Mwaka wangu wa tatu pale Doha walimleta mwenzetu mmoja kutoka Japani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, awahudumie wageni wa nchi yake. Aliajiriwa kwa sababu ya Kijapani chake, lakini kila siku alipimwa kwa Kiingereza chake. Hilo lilinikera tangu mwanzo.

Alikuwa mchapakazi wa kweli. Mgeni akitaja mara moja kwamba mto wa kitanda ni mgumu, kesho yake alikuta mwingine. Alipopata habari kwamba kabla ya kufunga virago nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari huko nyumbani Kenya, aliniomba nimsaidie, tukakubaliana nusu saa ya chakula cha mchana iwe darasa. Tulikaa kona ya kantini ya wafanyakazi na sahani zetu za wali na dengu, yeye na daftari lake ambamo kila neno la Kiingereza lilikuwa na ukurasa wake. Nilimfundisha kwa utani aniite mwalimu. Yeye hakuona kuwa ni utani, akaniita hivyo mpaka mwisho.

Neno lililomtesa ni dogo: "yes". Ukurasa wake ulikuwa umejaa. Aliandika kwamba mtu akibisha mlangoni, "yes" ni karibu. Ukiitwa, ni naam. Simu ikilia, ni nani mwenzangu. Hayo yote aliyajua. Siku moja nikamuuliza, "You don't drink milk?" kwa kuwa nilijua hanywi maziwa. Akajibu, "Yes." Nikamsahihisha, nikamwambia hapo ni "no".

"Mwalimu, umesema sinywi," akasema. "Ni kweli, sinywi. Kwa nini nikatae jambo la kweli?"

Nikaona ana haki. Maana Kiswahili nacho ndivyo kilivyo. Mtu akiniuliza, "Hujala?" nami sijala, nasema, "Ndiyo, sijala." Nilipomweleza hivyo alicheka akiziba mdomo kwa mkono. Kwao ndiyo ni "hai", akasema, na hufanya kazi vilevile. Basi nikamwonyesha jinsi Waingereza wanavyofikiri: wao hawaangalii swali limeulizwaje, wanaangalia kama jambo limefanyika. Halijafanyika, sema "no". Nikamwambia asiishie kwenye neno moja, aongeze "I don't" au "I haven't" ili asieleweke vibaya.

Jioni ile, kwenye basi la wafanyakazi lililoturudisha Al Rayyan tulikoishi, nilijionea aibu. Nilipokuwa nikifundisha Kenya, mwanafunzi akinijibu "yes" namna hiyo nilimsimamisha mbele ya wenzake arudie jibu sahihi mara kumi, wenzake wakimcheka. Sikumwambia hata mmoja kwamba alikuwa anafikiri kwa Kiswahili safi. Niliwaita wavivu.

Wiki mbili baadaye alifika mama mmoja mzee kutoka Japani pamoja na binti yake. Mama yule alimwambia mwenzangu, kwa lugha yao, kwamba karanga humdhuru vibaya sana. Ilikuwa karibu saa tisa mchana, wakati wa kukabidhiana zamu. Msimamizi wetu wa zamu, mwanamume ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa, alikuwa njiani kuelekea mgahawani. Mwenzangu alimkabidhi karatasi yenye habari za mama yule. Akaisoma huku anatembea, akauliza, "You haven't told the kitchen?"

"Yes," mwenzangu akajibu, akainamisha kichwa kidogo, akaanza kuongeza kitu.

Msimamizi alishageuka. Alisema "khalas", yaani basi, imekwisha, akaweka alama ya tayari kwenye ile karatasi, akaenda. Nilikuwa kaunta ya pili nikikagua pasipoti ya mgeni. Nilisikia. Nilijua kabisa ile "yes" ilikuwa na maana gani, kwamba jikoni hawajaambiwa, na kwamba mwenzangu aliamini bosi anakwenda kuwaambia. Nikajisemea nitamalizana na huyu mgeni kwanza. Kisha akaja mgeni mwingine.

Saa moja jioni mama yule alikula kuku mwenye mchuzi wa karanga. Midomo ilimvimba, pumzi ikaanza kumbana. Gari la wagonjwa lilikuja haraka, na Mungu ni mwema, alipona. Alilazwa siku mbili. Mwenzangu alikaa naye hospitalini saa zote alizokuwa nje ya zamu, akimtafsiria maneno ya madaktari.

Siku ya tatu tuliitwa ofisini kwa meneja. Aliyeulizwa ni mwenzangu peke yake. Msimamizi aliketi upande wa meneja kama hakimu wa pili.

"Uliulizwa kama hujawaambia jikoni," meneja akasema. "Ukasema yes."

"Ndiyo. Nilikuwa sijawaambia."

"Lakini ulisema yes. Kwa hiyo ulidanganya."

Niliomba kusema. Nikaeleza, kwa upole niliojilazimisha, kwamba katika Kijapani jibu lile ni la kweli, na katika Kiswahili pia, na kwamba nilikuwepo nikasikia, nikakosea kwa kunyamaza. Msimamizi akasema hapa hatufanyi kazi kwa Kijapani wala Kiswahili.

Nikamgeukia. "Wewe ndiye uliyeuliza swali kwa kukanusha, ukageuka kabla hajamaliza kujibu," nikamwambia. "Ungeuliza tu kama jikoni wanajua, mama wa watu asingefika hospitali. Na karatasi ulikuwa nayo wewe mkononi."

Meneja akaniambia sikuitwa pale kufundisha. Kisha akaandika kwamba mfanyakazi alitoa taarifa ya uongo. Mwenzangu aliitazama ile sentensi kwa muda mrefu, akatia sahihi. Nilitamani agome, apige meza, afanye lolote. Aliinamisha kichwa, akashukuru, akatoka. Kesho yake alihamishiwa stoo ya sare za wafanyakazi, chini kabisa, mahali ambapo hakuna mgeni anayefika. Msimamizi hakuandikiwa hata mstari mmoja.

Siku ya kuondoka, mama yule na binti yake walikuja kaunta kumuulizia mwenzangu. Mama alikuwa na zawadi iliyofungwa kwa kitambaa. Meneja alikuwa jirani, akaniambia kwa sauti ya chini niwaambie yuko likizo.

Nilimtazama binti yule. Nikasema, polepole ili anielewe, kwamba hayuko likizo, yuko ghorofa ya chini akihesabu sare, kwa sababu ya neno moja alilolijibu kwa ukweli. Nikampa njia ya kufika. Mama na binti walishuka wenyewe kwa lifti ya wafanyakazi, na nasikia mama alimshika mwenzangu mikono yote miwili, hakuiachia kwa muda.

Barua yangu ya onyo ilitoka kabla zamu haijaisha. Ilisema nilikaidi agizo mbele ya wageni, na hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo nilitia sahihi bila kubisha. Mwenzangu aliacha kazi mwezi uliofuata, akarudi kwao. Aliniaga bila hasira yoyote, akisema huenda yeye ndiye aliyekosea. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko barua. Nilimwambia hapana, hakukosea, nikarudia mara tatu kwa Kiingereza na mara moja kwa Kiswahili, na sijui kama aliniamini.