Kundi Lisilo na Askari

Mwaka ule wa vita, vijana warefu wa mji wetu wa Kamina walitembea wameinama. Askari wa Base, kambi kubwa ya jeshi, walipita mitaani wakitafuta wa kuandikishwa jeshini, na watu walisema hawaulizi umri, wanatazama urefu. Kaka yangu alikuwa mrefu kupita mlango wetu. Mama akamwekea amri: ukiona askari, kaa chini. Basi alikaa, hata suruali zake zikaisha nyuma.

Shule zilikuwa zimefungwa. Binti wa jirani yetu mfanyabiashara kutoka Maniema alikuta ndani ya robota la mitumba la baba yake kijitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Kilikuwa cha mchezo: watu wanaunda kundi, kila mmoja anachagua atakuwa nani, kisha wanaingia kwa maneno tu katika pango la joka. Kete hatukuwa nazo. Tulirusha punje za mahindi zilizochomwa upande mmoja: mweusi ni kufaulu, mweupe ni kukosa. Binti ndiye aliyeongoza, na hakusamehe kosa hata dogo.

Kitabu kilitaka mpiganaji, mchawi, mwizi na kasisi. Nikasema mimi mchawi. Mama, mwalimu na mwanakwaya wa Methodisti, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

“Mulozi, mu lupango yangu? Bantu ba avenue basikie?”

Alikuwa na haki. Kwetu neno hilo, mulozi, yaani mchawi, likivuka ua halirudi. Nikawa fundi wa umeme. Kazi ni ile ile ya kurusha mwanga, na katika Kamina ya siku zile muujiza wake ulikuwa mkubwa zaidi. Wizi nao ulikosa mtu. Kwa kuwa mwizi wa kitabuni hufungua milango tu, kaka akawa mkuu wa stesheni, chef de gare, mwenye funguo zake, kazi ya kukaa. Mama alikataa tushuke pangoni bila sala, kwa hiyo yeye akawa pasteri.

Ikabaki nafasi ya mpiganaji, askari wa kundi. Bila yeye, kitabu kilisema, kundi haliingii. Binti wa jirani alikuwa na sauti ya kufika sokoni.

“Tunakosa soldat. Nani atakuwa soldat?”

“Munatafuta soldat?” akauliza mtu langoni, na bunduki yake begani.

Mama alileta kiti na maji, maana mgeni hasimami. Askari akanywa, akamtazama kaka.

“Weye, simama.”

Binti wa jirani hakuinua hata macho kitabuni.

“Hapana, papa. Huyu iko chef de gare. Hasimame mpaka train ifike.”

Askari alikuwa rika la kaka, lakini bunduki humfanya mtu baba. Akafikiri.

“Na train itafika siku gani?”

“Banasema wiki hii,” mama akajibu, jibu lile lile tulilopewa stesheni tangu mvua zianze.

Kumwacha mgeni atazame tu ni aibu, basi akapewa nafasi iliyobaki. Binti akamsomea: upanga, ngao, anatangulia mbele ya wote.

“Ile hapana. Minyi nachoka na kutangulia. Muvuvi haiko?”

“Kitabu haina muvuvi.”

“Kwetu Kabondo-Dianda iko bengi.”

Binti akapekua kurasa kwa hasira, kisha akamkubalia. Bunduki ikaegemezwa kwenye kinu.

Tukaingia pangoni bila mpiganaji. Joka lilipotokea, pasteri aliomba, umeme wangu ukakatika kama kawaida, mkuu wa stesheni akalidai joka tiketi. Mvuvi akarusha wavu, na punje zote zikaanguka upande mweusi: samaki tele. Joka likala, likasinzia. Askari alicheka mpaka akashika magoti. Nilimpenda, ingawa sikuacha kumwogopa.

Akachukua bunduki yake, akamtazama tena kaka.

“Weye, ukae.”

Wiki iliyofuata malori ya jeshi yalipita yakielekea vitani, na askari wetu alikuwa juu ya lori moja, kati ya vijana warefu. Akatuona, akapaza sauti.

“Muvuvi yangu, musimurudishe mu pango.”

Hatukumrudisha. Kila tulipocheza tulimwacha mvuvi nje ya pango, kwenye ziwa tulilombunia, na kabla ya kuanza kaka alimrushia punje moja. Ikianguka upande mweupe, aliirusha tena mpaka mvuvi apate samaki, na binti wa jirani akatazama pembeni.