Wastani wa Daudi

Kiharusi cha kwanza kilimlaza baba upande mmoja, kikamwachia maneno yake. Alikuwa nyumbani, kijijini kwetu Daudi, kule bondeni, simu iko kando ya kichwa chake. Mimi nilikuwa Katesh na mimba ya miezi saba. Daktari alinikataza hata kusimama sana, sembuse kusafiri barabara ile ya Dongobesh.

Nikimpigia, hapatikani. Mama ndiye aliyepanda kilimani karibu na kanisa, mtandao unakoshika, akanipigia.

"Baba yako ana jina la mtoto. Hata mimi hataki kuniambia. Anasema mjukuu wake jina lake atalitamka mwenyewe, ulisikie."

Nikacheka. Mzee mbishi huyu!

"Si mumbebe mpaka huko juu?"

"Amekataa. Anasema huko juu atabebwa akishakufa."

Na kazi yangu mimi ni hiyo hiyo ya mitandao ya simu! Nikampigia mwenzangu wa ofisini, akaangalia kwenye kompyuta. "Daudi? Mbona wastani mzuri tu, dada." Wastani! Gari la kupimia mtandao lilipita barabarani, likapanda, likashuka, hapa mawimbi mabaya, pale mazuri, yakajumlishwa. Nikamwambia, we kaka, baba yangu si gari. Baba yangu amelala.

Haya mambo tulifundishwa chuoni. Kuna njia ya mawimbi inayobadilika upesi, ujumbe mmoja unapitia hali zote, mbaya na nzuri. Hiyo unaipigia hesabu ya wastani, unaahidi uwezo wake, yaani kiasi cha ujumbe kitakachofika bila kosa. Kuna nyingine inapata bahati yake mara moja, inabaki nayo. Ukiangukia pabaya, ni pabaya mpaka mwisho wa ujumbe, na wastani haukusaidii kitu. Mwalimu alisema uwezo wa njia hiyo, ukitaka uhakika, ni sifuri. Nikajibu mtihani, nikafaulu, nikasahau.

Mama na jirani walisogeza kitanda ukutani, mlangoni, dirishani. Pale dirishani simu ikaita! "Haloo, mwanangu," nikamsikia, sauti yake kabisa. Halafu kimya. Niliita "Baba! Baba!" mpaka nikaitupa simu, nikalia kwa hasira. Haikushika tena.

Mtoto akazaliwa salama. Kabla sijaruhusiwa kusafiri, kiharusi cha pili kikaja, na safari hii kikachukua maneno.

Nilifika Daudi nimempakata mtoto. "Shikamoo, Baba." Nikamlaza mtoto kifuani pake, akamtazama sana. Kisha akafungua mdomo, midomo ikahangaika, akalitamka lile jina lote mpaka mwisho. Mimi nikasikia pumzi tu. Nikainama, nikamtegea sikio, akarudia. Pumzi tu. Mungu wangu.

Baba akatabasamu kwa upande ule mzima, mzigo umemtoka. Akanitazama, akingoja nimwite mtoto.