Kamera Nyuma ya Kombaini

Kanda za video za familia yetu hazifai kuonyeshwa mgeni. Ataketi, atapewa chai, halafu ataonyeshwa ardhi. Ardhi, mabua ya ngano yaliyokatwa, punje mbili tatu, na juu kabisa ya picha mgongo wa mtu au tairi. Akidhani huo ni utangulizi tu, imekula kwake, maana filamu nzima ndiyo hiyo.

Wa kulaumiwa ni Mzee, baba yetu. Shamba lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba kumwita mtu aliye upande wa pili ni kupoteza sauti bure, na sisi wanawe wote tulizaliwa humo, tukafanya kazi humo, tukaoa na kuwaingiza wake zetu humo. Kaka yangu alipooa, mkewe alikuja na kamera ya video aliyozawadiwa na mjomba wake. Mzee akaizunguka kama anayenunua ng'ombe, kisha akaipangia kazi. Wakati wa mavuno shemeji atembee nyuma ya kombaini, ile mashine ya kuvunia, apige picha ardhi. Jioni tutakaa sebuleni tuone ngano kiasi gani inamwagika.

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema Mzee. "Na haba na haba humwaga kibaba vilevile."

Basi ndivyo tulivyoishi. Watu wengine jioni wanaangalia mpira. Sisi tuliangalia mabua, na tuligombana vilevile. Dereva wa kombaini alikuwa kaka, kwa hiyo kila punje ilikuwa kesi yake.

"Hiyo si ngano, ni kokoto," angejitetea.

"Kokoto yenye ndevu?" Mzee angeuliza. "Tangu lini?"

Tulicheka sana miaka ile. Shemeji alicheka kidogo. Ni mtu wa maneno machache na kinyongo kirefu. Simsengenyi, mwenyewe anajua. Tulimbandika jina la Mama Kamera, naye akaitika.

Kaka alifariki muda mfupi baada ya mavuno fulani, kwa homa iliyoanza kama mzaha. Binti yao alikuwa bado mtoto wa kubebwa. Amekua na picha moja tu ya baba yake, ile ya kitambulisho iliyokuzwa hadi masikio yakafifia, pamoja na hadithi moja ya mama yake: kwamba baba alikuwa mpole, hakuwahi kumfokea mkewe hata siku moja. Sisi tuliosikia hadithi hiyo tulinyamaza. Kaka alikuwa na mdomo kama sisi sote.

Mwaka huu binti, sasa mtu mzima, aliazima deki ya zamani kwa fundi wa televisheni, akaketi kwenye sebule ya nyumba kubwa kuangalia ardhi. Alimtafuta baba yake, akapata mgongo, kofia, na kiwiko kikichungulia dirishani. Sauti yote ilikuwa ya injini.

"Baba mdogo," aliniambia, "nitazeeka sijui baba alikuwa anaongeaje."

Nilimhurumia, nikaropoka. Nilimwambia upo mkanda mmoja ambao hatukuwahi kuuona sebuleni. Ni wa mavuno ya mwisho ya kaka, na jioni ile mama yake alidai umekwama.

Shemeji alinijia juu. "Unataka mtoto amwone baba yake akinitukana?"

"Hakukutukana, shemeji. Alikufokea."

"Mbele ya vibarua! Baada ya hapo tukawa tunasalimiana tu, mara akaugua, akaenda. Mkanda huo sijautazama, na sitautazama."

"Mama," binti akasema, "afadhali baba anayefoka kuliko baba wa kitambulisho."

Shemeji akaenda chumbani, akautoa mkanda chini ya mashuka.

Tulitazama watatu. Ilianza kama zote, mabua na vumbi. Halafu kamera ikatulia juu ya rundo dogo la ngano iliyomwagika, ikasogea karibu kabisa. Sauti ya shemeji, changa, yenye furaha, ikasema, "Leo nimemkamata." Kwenye kona ya juu kulikuwa na tairi la kombaini, dogo. Likawa kubwa kidogo. Likawa kubwa zaidi.

"Mama," binti akasema, "mashine inarudi nyuma."

Tairi lilijaza nusu ya picha, likasimama. Kamera ikainuka, na kaka akaonekana akiruka kutoka kwenye ngazi, akaja mbio, uso mzima, vumbi hadi kwenye kope.

"Una wazimu? Umekuja kufanya kazi au kuchezea kamera? Toka hapo! Toka!"

Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. Mtoto akaanza kulia.

"Nani huyo analia?" binti akauliza.

"Wewe. Nilikuwa nimekubeba mgongoni."

Binti akarudisha mkanda nyuma. Safari hii hakuna aliyeangalia uso. Tuliangalia mikono. Haikuigusa kamera. Ilipita pembeni yake, juu ya bega la shemeji, ikamfuata mtoto kule nyuma. Picha ikayumba, ikakatika.

"Jicho langu lilikuwa kwenye kamera," shemeji akasema. "Niliona punje tu, halafu nikasikia matusi."

Nami nilikuwepo shambani siku ile, nikasikia nilichosikia, nikaendelea kushona magunia.

"Miaka yote hii," akasema, "nimemnunia marehemu."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasogeza kiti karibu na televisheni.

"Weka tena," akamwambia bintiye. "Anzia pale anaporuka."