Mbwa Ndani ya Mtumbwi

Harufu ya gunia la katani lililolowa hunirudisha Ziwa Jipe, siku tuliyohama kwa mtumbwi. Mbwa wetu alikuwa ndani ya gunia, kichwa tu nje, kamba imefungwa mdomoni mwa gunia. Mama alikuwa amekataa kumwacha.

Jua lilikuwa kali. Mbwa alihema, mate yakinidondokea mguuni. Niliogopa atakufa, nikalegeza kamba. Akachomoka ghafla, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia. Kwenye mafunjo, viboko walikuwa wakikoroma.

"Mama, mshike huyo mbwa, la sivyo namtupa!" mpiga kasia alifoka.

Mama hakujua kuogelea. Aliteremka taratibu kutoka kwenye ubao wa kukalia, akakaa majini humo mtumbwini, akamkumbatia mbwa na kumfunika kwa kanga iliyolowa.

"Tulia, baba, tulia," alimnong'oneza. Makucha yalimkwaruza mapajani, naye hakusogea. Mimi nilichota maji kwa sufuria, nikiyamwaga nje huku nalia.

Tulipofika ng'ambo, mpiga kasia alimnyooshea mama mkono. Mama alijaribu kusimama akashindwa.

"Anza na huyu," alisema, akimwinua mbwa.