Bibi wa Karamu na Bakuli la Pilipili

Mume wangu alikuwa msafishaji katika nyumba moja ya makumbusho mjini Washington. Zamani, katika karne ya kumi na tisa, nyumba hiyo ilikuwa ya mke wa seneta, bibi tajiri aliyewaalika wakubwa wa siasa mezani kwake. Bibi huyo alikuwa amekufa siku nyingi, na bado nilimwonea wivu.

Mume wangu akifika kwetu Hyattsville, Maryland, hata viatu hajavua, alianza: "Mama, bibi yule alikuwa na akili!" Vijiko vya fedha vya bibi alivisugua kwa glavu nyeupe. Kikombe chake mwenyewe alikiacha kwenye sinki. Maua aliyoyapenda bibi aliyajua yote. Yangu hakuwahi kuuliza. Picha ya bibi ilikuwa kwenye simu yake. Yangu pia ilikuwemo, ila mpaka uitafute.

Hadithi aliyoirudia zaidi ni ya chumvi. Bibi akiwa na maseneta wawili wasiosemezana, aliwaketisha pamoja, kisha akaweka kibakuli kimoja cha chumvi karibu na mmoja wao. Wa pili atake asitake, ataomba.

Mwaka jana mume wangu akafa. Nilitaka azikwe hapa, asisafirishwe kwao, niweze kumtembelea. Lakini ilibidi ndugu zake wawili wakubaliane, na yule mkubwa anayeishi Woodbridge na mdogo wa Oxon Hill walikuwa wamenuniana tangu ugomvi wa shamba la baba yao. Siku ya matanga kila mmoja alikaa kona yake.

Wakati wa chakula niliwaketisha pamoja. Pilipili niliweka bakuli moja tu, upande wa mkubwa. Mdogo hali ugali bila pilipili. Alitazama bakuli, akatazama dari, akashindwa.

"Kaka, nisogezee hiyo."

"Kumbe tumbo lako bado halijatoboka?"

"Lilitoboka siku ile ulipomla kuku wangu."

Mkubwa akacheka. Mdogo akaanza kulia. Chai ilipoletwa walikuwa wameshakubali tumzike hapa Maryland.

Jikoni, shangazi yao akanishika bega. "Mke wetu, ujanja huu umeutoa wapi?"

Mimi kudanganya sijui. "Kwa mwanamke wa mume wangu," nikasema.

Waliokuwa wakiosha sufuria wakaacha. Ikabidi nieleze, nao wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Mimi sikuwa natania. Hata kumzika mume wangu, yule bibi alinisaidia, na siwezi kumwambia asante wala kumwambia aondoke.